Mguu wa Mwisho

Katika mashitaka yote ambayo wanadamu hushitakiana, hapana lililo gumu kuamua kama shitaka la kitu kilichochakaa. Kilichovunjika kina saa yake na mkono wake: chombo kikianguka kikapasuka, aliyekiangusha hujulikana, na shahidi hakosi. Lakini kilichochakaa hakina saa. Kiliharibika jana kidogo na leo kidogo, katika mikono mingi, wala hapana mkono mmoja uliotenda tendo la kutosha kuitwa kosa. Walakini siku ya kudai malipo hufika, na siku hiyo hutafutwa mtu mmoja wa kulipa. Aghalabu hupatikana yule aliye karibu, yaani aliyekishika mwisho.

Swali hili halihitaji jumba la hukumu ili lionekane. Pikipiki kuukuu yenye gia ngumu yatosha. Ichukuliwe mfano wa kijana wa Lushoto aliyekabidhiwa pikipiki na tajiri kwa mkataba. Kila jioni hupeleka hesabu, na muda uliokubaliwa ukitimia pikipiki itakuwa mali yake. Ni Honda CG125, aina iliyotolewa kwanza mwaka 1976, ikabuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo njia ni mbaya na matunzo ni haba. Injini yake ndiyo iliyoigwa katika pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Afrika ya Mashariki. Waendeshaji watatu wameitumia kabla ya kijana huyu. Sasa gia ya kwanza huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani pikipiki ikisimama, na gia ya pili huchomoka katika mwinuko wa barabara itokayo Mombo. Tajiri asema kijana ameziua gia kwa kuzipiga teke. Kijana asema aliipokea pikipiki katika hali hiyo. Wote wawili wamwendea fundi, wala hawamwendei kwa matengenezo tu, bali kwa hukumu. Maskini fundi! Alijifunza spana, akajikuta amekalia kiti cha kadhi.

Hukumu ya haki haiwezekani bila kujua namna kitu kinavyofanya kazi. Katika giaboksi ya pikipiki kama hii, magurudumu ya meno hayaachani kamwe. Kila jozi imeshikana wakati wote. Mguu unapokanyaga pedeli, ngoma ndogo yenye mifereji huzunguka ndani, na mifereji hiyo husukuma nyuma za chuma. Uma husogeza gurudumu moja ubavuni mpaka makucha yake yaingie katika matundu ya jirani yake. Ili makucha yaingie kwa upole, ni lazima mzigo wa injini uondolewe kwa nukta moja, na kazi ya kuuondoa ni ya klachi. Ikiwa klachi haikuachia sawasawa, gia huamrishwa kusogea hali ingali imebeba mzigo. Mwendeshaji hulihisi zito, huliita kaidi, huongeza nguvu za mguu. Kumbe gia haikukataa amri. Haikupewa nafasi ya kuitii.

Kwa sababu hii fundi mwenye dhamiri huanza nje, kwa jambo lililo rahisi. Huisimamisha pikipiki juu ya stendi hali injini imezimwa, huzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, na kupitisha gia moja baada ya moja. Zikiingia kwa wepesi, ugumu ule wa kila siku hautoki katika gia zenyewe, na shaka huhamia kwenye klachi. Ndipo hutazama mkono wa klachi, ambao wapaswa kuwa na mchezo wa milimita 10 mpaka 20 kabla ya kuanza kuvuta, waya wake, pedeli, kama imepinda kwa kuanguka au imelegea katika mhimili wake, mafuta, ambayo yamkini hayakubadilishwa tangu masika. Kisha, ikibidi, hufungua kifuniko cha kulia aone kama pleti za klachi zimechimba mikato katika nyumba yake na kunasa humo. Kuipasua injini nzima ni jambo la mwisho kabisa.

Utaratibu huu waonekana ni busara ya kazi tu, lakini ni adili pia. Fundi anayeanza kwa kupasua hupata ujira mkubwa kutoka kwa mtu asiyeweza kuona ndani. Mmarekani Robert Pirsig, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, alisimulia habari za mafundi waliofanya kazi huku redio ikivuma, wakatumia nyundo na patasi mahali pasipostahili. Mwisho wa yote ugonjwa ukaonekana kuwa ni kipini cha senti 25 kilichokatika. Hawakuwa watu waovu, kwa maelezo yake. Walikuwa hawajali, na mwenye mali hulipia kutojali sawasawa na anavyolipia uovu.

Katika mfano wa Lushoto, fundi avuta ganda la waya wa klachi na kukuta nyuzi zake zimekatika zaidi ya nusu. Waya umerefuka kwa sababu hiyo, na mkono wa klachi hugusa mpini kabla pleti hazijaachana. Waya mpya watiwa. Gia ya kwanza yaingia bila kishindo, nyutro yapatikana kwa ncha ya kidole cha mguu. Nusu ya shitaka imeanguka, na tajiri angalikuwa mwungwana angaliomba radhi hapo hapo. Lakini pikipiki yapelekwa mlimani, na gia ya pili yachomoka kama zamani. Injini yafunguliwa. Makucha ya gia ya pili yameviringika kona zake kama sabuni iliyotumika.

Sasa ndipo swali lenyewe lilipo. Kila mara gia inapoingizwa chini ya mzigo, kona za makucha hugongana kabla ya kuingia, na chembe ya chuma isiyoonekana hubaki katika mafuta. Chembe ile ni ya nani? Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, nao husema hivyo kwa kusifu akiba. Lakini hasara nayo ina kibaba chake, na hujazwa kwa njia ile ile. Eubulides wa Mileto, Myunani wa kale, asimuliwa kuwa aliwatatiza wenzake kwa swali la chungu ya nafaka: ni punje ipi iliyoifanya chungu kuwa chungu? Wenzake waliweza kwenda zao wakacheka. Kijana wa mkataba hawezi, maana punje ya mwisho imedaiwa kwake kwa bei ya chungu nzima.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamefundisha kwa karne nyingi kwamba aliyekodi kitu ni mwaminiwa, wala halipi kilichoharibika mkononi mwake ila kwa uzembe au kwa kuvuka mpaka wa ruhusa. Ni kanuni njema, na humlinda kijana dhidi ya miguu mitatu iliyomtangulia. Lakini yaacha jambo moja la kuamuliwa: uzembe huanza lini? Jibu lililo karibu na haki ni kwamba hauanzi kwa kushika, bali kwa kusikia. Siku gia ilipolia mara ya kwanza, na aliyesikia akajua ni kilio, siku hiyo deni lilizaliwa. Kabla ya hapo kila mguu ulikuwa katika ujinga wake, na ujinga wa namna hiyo ni msiba kuliko dhambi. Baada ya hapo, kila teke ni tendo lenye mwenyewe.

Kwa kipimo hiki kijana hatoki safi. Alikwisha sikia. Alikuwa na mkono wa klachi uliogusa mpini, akanyamaza, akaongeza nguvu. Walakini lazima aulizwe jambo ambalo watoa hukumu wengi hawaulizi: je, alikuwa na siku ya kusimama? Mtu anayedaiwa hesabu jioni hawezi kuiacha pikipiki kwa fundi asubuhi bila kulala na deni. Ikiwa alimwambia tajiri, na tajiri akajibu kwamba hesabu ya siku haisameheki, basi tajiri aliununua uchakavu ule kwa fedha alizopokea. Kila jioni alipokea sehemu ya gia yake mwenyewe, akaihesabu kama faida. Ikiwa hakumwambia, sehemu kubwa ya hasara yamrudia kijana. Kwa hivi hukumu haimo katika chuma. Imo katika maneno yaliyosemwa au yasiyosemwa.

Fundi aliweka ile gia juu ya gunia, akaifuta mafuta.

"Fundi, mimi nina miezi minane tu na pikipiki hii," kijana alisema.

"Mwanangu, hii haina alama ya mtu," fundi alijibu. "Siwezi kusema ni mguu wako, wala siwezi kusema si mguu wako."

Tajiri aliiokota, akaigeuza vidoleni kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akautwaa waya uliokatika nyuzi, akamwuliza kijana ulianza kukatika lini, na siku ile alipokuja jioni kuzungumza habari ya klachi, yeye alimjibu nini.