Mbuzi: Jina Moja, Maana Nyingi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 27:1–29; 37:23–35; 38:12–26; Law. 16:5–22, Eze. 34:17–22, Dan. 8:5–8, 20–22, Mt. 25:31–46, Ufu. 20:1–3.

Fungu la kukariri: Waebrania 9:12. Likariri kutoka katika Biblia yako pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Mtu akikuambia, "Niletee mbuzi," utaleta nini? Ukiwa zizini utafungua kamba na kumleta mnyama. Ukiwa jikoni pwani, na wali wa nazi unasubiriwa, utaleta kile kibao chenye chuma cha meno cha kukunia nazi. Huyu ni mbuzi, na hiyo nayo ni mbuzi. Mtu asiyesikia la mkuu huitwa mbuzi pia, na anayejichosha kumshauri huambiwa kwamba anampigia mbuzi gitaa. Dume la mbuzi ni beberu, lakini beberu ni pia dola linaloyakalia mataifa mengine. Na mtu aliyebebeshwa kosa la wenzake tunasema amefanywa mbuzi wa kafara.

Hatupotei katika maana hizi kwa sababu maneno yaliyo jirani hutuonyesha ni mbuzi yupi anayesemwa. Katika Biblia nako ni vivyo hivyo. Juma hili tutamfuata mbuzi kutoka jikoni kwa Rebeka hadi mlangoni pa hema ya kukutania, na mwisho hadi mbele ya kiti cha enzi cha Mwana wa Adamu. Swali moja litutangulie kila siku: Dhambi yangu nimemtwika nani?

JUMAPILI: Mbuzi wa Kufichia

Soma Mwanzo 27:8–23 na 37:31–35. Mbuzi alitumiwaje katika kila kisa?

Mojawapo ya maneno ya Kiebrania yanayotafsiriwa mbuzi ni sa'ir, yaani mwenye manyoya. Ndilo neno Yakobo alilotumia kumweleza kaka yake Esau, aliyekuwa na nywele nyingi mwilini (Mwa. 27:11). Yakobo alikuwa laini, hivyo mama yake akamvika ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka kipofu akapapasa, akadanganyika, akabariki.

Miaka ikapita. Yakobo naye akawa mzee mwenye mwana mpendwa. Wanawe wakachinja mbuzi, wakaichovya kanzu ya Yusufu katika damu yake, wakamletea baba na kumtaka aitambue. Aliyemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi alidanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi. Katika visa vyote viwili mnyama hana kosa. Amechinjwa ili mwenye kosa ajifiche nyuma yake.

Sura inayofuata ina mbuzi mwingine. Yuda, aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, alimwahidi Tamari mwana-mbuzi, akaweka rehani muhuri wake na fimbo yake. Vitu hivyo viliporudishwa kwake, alitakiwa avitambue, kama vile baba yake alivyotakiwa aitambue kanzu. Hapo Yuda hakutafuta pa kujificha. Alikiri kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kuliko yeye (Mwa. 38:26). Baadaye huyu huyu Yuda alijitoa awe mtumwa mahali pa Benyamini (Mwa. 44:33). Mtu aliyekuwa akitafuta wa kumtwika sasa yuko tayari kutwikwa. Tusishangae basi kwamba Mwokozi alizaliwa katika kabila lake.

Ni "kanzu" gani umewahi kuichovya katika damu ya mwingine ili wewe uonekane safi?

JUMATATU: Mbuzi Wawili Mlangoni

Soma Walawi 16:5–10, 15, 16. Ni nini kilichowatofautisha mbuzi hawa wawili?

Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, kuhani mkuu aliwasimamisha mbuzi wawili mbele za BWANA, mlangoni pa hema ya kukutania. Mapokeo ya Wayahudi yaliyoandikwa katika Mishna yanasema ilipasa wafanane kwa sura, kwa kimo na kwa thamani, na wanunuliwe pamoja. Ungewatazama usingejua huyu ni wa nini na yule ni wa nini. Kura ndiyo iliyotenga: mmoja kwa BWANA, wa pili kwa Azazeli.

Mbuzi wa BWANA alichinjwa, na damu yake ikaingizwa ndani ya pazia. Kwa mwaka mzima dhambi zilizoungamwa zilikuwa zimeletwa patakatifu kwa njia ya sadaka. Siku hiyo patakatifu palitakaswa. Mbuzi huyo alimwakilisha Kristo, asiye na hatia, ambaye damu yake yatosha. Mwandishi wa Waebrania anasema wazi kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi (Ebr. 10:4). Ilikuwa kivuli tu. Kristo aliingia patakatifu pa mbinguni kwa damu yake mwenyewe, na kazi ile ya siku ya upatanisho twaamini kwamba aliianza huko mwaka 1844.

JUMANNE: Mbuzi wa Azazeli

Soma Walawi 16:20–22 na Ufunuo 20:1–3. Mbuzi aliye hai aliletwa wakati gani?

Tazama utaratibu. Upatanisho wa patakatifu ulipokwisha, ndipo mbuzi aliye hai alipoletwa. Aya ya 5 inawataja mbuzi wote wawili pamoja kwa sadaka ya dhambi, na mwanafunzi akiuliza habari hiyo asinyamazishwe. Mwonyesheni kwamba damu iliyoingizwa patakatifu ni ya mmoja tu. Huyu wa pili hakuchinjwa. Kuhani aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama maovu yote ya wana wa Israeli, kisha mnyama akapelekwa jangwani, nchi isiyo na watu.

Azazeli ametajwa sambamba na BWANA, kama mtu mbele ya mtu. Kwa hiyo tunaelewa kwamba mbuzi huyu anamwakilisha Shetani. Yeye si mwokozi wetu mdogo, wala hatuokoi kwa namna yoyote. Anarudishiwa sehemu yake mwenyewe ya hatia, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha dhambi na kuichochea. Jangwa lake ni miaka elfu ya Ufunuo 20, katika dunia iliyo ukiwa.

Sasa ona usemi wetu wa "mbuzi wa kafara" ulivyowachanganya wawili hao. Tukimfanya mtu mbuzi wa kafara, tunamtoa asiye na hatia kama mbuzi wa kwanza, halafu tunamfukuza kwa aibu kama mbuzi wa pili. Tunafanya hivyo bila jambo ambalo kuhani hakuliacha kamwe, yaani kuungama. Wana wa Yakobo walitumia mbuzi ili dhambi isijulikane. Katika hema, dhambi ilitajwa waziwazi juu ya kichwa cha mbuzi.

JUMATANO: Beberu

Soma Danieli 8:5–8, 20–22 na Ezekieli 34:17–22. Nguvu za beberu zilitumiwaje?

Danieli aliona beberu akitoka magharibi kwa kasi hata asiiguse nchi. Malaika alimfasiria kwamba ni ufalme wa Uyunani, na pembe kubwa ni mfalme wake wa kwanza. Historia inamwonyesha Iskanda Mkuu, aliyevuka kuingia Asia mwaka 334 K.K. na kufa Babeli mwaka 323 K.K. Pembe ilivunjika ikiwa bado na nguvu, na nne zikatokea mahali pake.

Ezekieli anawaona mabeberu karibu zaidi, ndani ya kundi la Mungu. Wanyama hawa wenye nguvu wamekula malisho mema, kisha wakakanyaga yaliyobaki. Wamekunywa maji safi, kisha wakayachafua kwa miguu. Kiebrania kina neno moja, attud, kwa beberu na kwa mkuu wa watu (linganisha Isa. 14:9). Kiswahili nacho, kwa njia yake, kimemwita mtawala mnyonyaji beberu.

Sisi tuna methali: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ilitufundisha kuridhika na tulichonacho. Siku hizi wengine huitumia kuhalalisha wizi: kila mwenye cheo na ale kadiri cheo chake kinavyofika. Mzee wa kanisa, mhazini, mwalimu, mkuu wa idara: kamba yako inafika wapi, na baada yako majani yanakuwaje?

ALHAMISI: Mkono wa Kushoto

Soma Mathayo 25:31–46. Kwa nini mbuzi wamewekwa kushoto?

Si kwa sababu Mungu anamchukia mbuzi. Mbuzi ni mnyama safi, na hata mwana-kondoo wa Pasaka angeweza kutoka katika mbuzi (Kut. 12:5). Kondoo na mbuzi walichungwa pamoja. Aliyewatenga ni mchungaji. Waliosimama kushoto hawakushitakiwa kwa rangi wala kwa manyoya, bali kwa yale waliyoacha kuwatendea wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa.

Angalia pia mshangao wao. Wote wawili, wa kuume na wa kushoto, waliuliza ni lini walimwona Bwana katika hali hiyo. Yeye alikuwa amesimama mahali pa wadogo, wale ambao ni rahisi kuwatupia lawama na kuwafukuza. Anayemtoa ndugu yake kafara anamgusa Kristo, ambaye alikwisha kutolewa mara moja tu.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu Pambano Kuu, anaeleza huduma ya patakatifu na mbuzi wawili kwa kirefu. Kisome pamoja na Walawi 16.

Nikiwa kijana nilikuwa karani wa kanisa dogo. Siku moja fedha za ujenzi zilipungua. Lawama ikamwangukia kijana aliyesaidia kuzihesabu, akaondolewa katika huduma, naye akaacha kuja. Mimi nilijua zilikokwenda. Nilikuwa nimechukua nauli katika bahasha ile, nikikusudia kurudisha, na baraza lilipokaa niliandika kumbukumbu za kikao na kunyamaza.

Miezi kadhaa baadaye nilipewa zamu ya kufundisha Walawi 16. Niliposoma habari ya mikono miwili juu ya kichwa cha mbuzi, niliiona mikono yangu juu ya kichwa cha kijana yule. Sikuweza kufundisha. Niliungama mbele ya baraza, nikarudisha fedha, nikaenda kwao. Alinisamehe siku ile ile, mlangoni kwa mama yake. Lakini kurudi kanisani kulimchukua miaka tisa. Damu ya Kristo ilinisafisha mara moja. Jeraha nililolitia lilipona polepole, na sikuwa na haki ya kuliharakisha.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu asemapo, "Ni Shetani tu aliyenipitia," je, anafundisha Walawi 16 au anajificha nyuma yake?

2. Katika kanisa lenu, ni nani ambaye lawama humwangukia kwanza jambo likiharibika? Kwa nini yeye?

3. Kuna mtu aliyeondoka kundini kwa kosa lisilo lake? Kabla ya Sabato kuingia, nani kati yenu atakwenda kwake, na atamwambia nini?