Taa ya Nyumba Isiyo na Mtu

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali ambalo wengi wataliona la kitoto. Nyumba isiyo na mtu ndani, ikiwashwa taa, imesema uongo? Sisemi nyumba ya tajiri anayesafiri akaacha taa ikiwaka ili mwizi adhani yupo. Huyo anazuga, na anajua kuwa anazuga. Nasema nyumba ya plastiki, ya ukubwa wa pakiti chache za sigara, inayokaa kando ya reli ya mfano juu ya meza.

Wenzetu wa Ulaya mchezo huu ni wa watu wazima. Kampuni ya Faller, iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1946 huko Gütenbach, Ujerumani, imejijengea jina kwa nyumba na stesheni za vipande vya plastiki. Unanunua boksi, unakata vipande kutoka kwenye fremu yake, unagandisha kwa gundi. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana kimo cha sentimita 2 hivi, na mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23. Zile za bei poa ukuta wake ni mwembamba, na ndani hamna kitu. Hamna kitanda, hamna sufuria, hamna mtu.

Mimi ninalo boksi moja tu la aina hiyo, nililoletewa na ndugu yetu aliyekuwa Ujerumani. Lilikuwa la mtumba, paa halimo. (Kusema kweli hata lingekuwamo ningelitupa. Paa la kuteremshia theluji, hapa Bariadi la nini?) Nimeiezeka kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyokandamizwa kwenye meno ya kitana mpaka ikapata migongo ya bati. Nyumba nyingine nimezijenga mwenyewe kwa maboksi ya viatu na makasha ya CD zilizokwaruzika: duka, ghala la pamba, na nyumba sita za mtaani kwetu, kama zinavyoonekana kutoka dirishani pangu.

Taa natoa kwenye tochi za Kichina zilizokufa. Tochi hufa, lakini vile vitaa vya LED mara nyingi vinakuwa vizima. Betri 2 za volti 1.5 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 3, na hizo zinatosha. Balbu za zamani za tochi sizipendi kwa kazi hii, maana zinachemka, na plastiki haivumilii joto.

Ukiwasha mara ya kwanza utacheka. Nyumba yote inang'aa, ukuta na yote, kama fenesi lililomezwa na mwezi. Mwanga unapenya kwenye plastiki, unachungulia kwenye kila pembe ulikobania gundi. Dawa yake ni kupaka ndani rangi nyeusi, au masizi yaliyokorogwa na gundi, na kuziba nyufa zote. Halafu mwanga wenyewe ni wa buluu-buluu, wa wodini. Ukipaka kitaa wino wa rangi ya chungwa kinashuka mpaka kwenye rangi ya koroboi. Hapo moyo unatulia kidogo.

Lakini bado kuna kasoro, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ukiwasha madirisha yote, nyumba inakufa. Toka nje saa mbili usiku utembee mtaa wowote wa Bariadi. Nani anawasha vyumba vyote? Luku inahesabu! Sebule ina taa, chumba cha pili giza, uani kuna mtu anaosha vyombo. Nyumba inayoishi ni ile yenye giza mahali fulani. Kwa hiyo inabidi ugawe vyumba ndani kwa vipande vya boksi, kisha uamue: taa huku, giza kule. Na ukishaamua hivyo, umeshaweka watu. Dirisha la jikoni likiwaka usiku wa manane, kuna mtu hajala. Wewe mwandishi chipukizi unalijua hilo, hata kama hujawahi kushika gundi.

Mezani kwangu kuna uongo mwingine mkubwa zaidi. Reli inapita Bariadi. Kila mkazi wa Simiyu anajua kwamba haipiti. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inaugusa mkoa huu kule Malampaka, wilayani Maswa, basi. Hata ile ya kisasa, ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021, haikuelekezwa kwetu. Mimi nimeipitisha nyuma ya ghala la pamba, tena ile ya zamani ya upana wa mita 1, ambayo kwa kipimo changu ni milimita 12 hivi. Washikaji wakija wanacheka: “Hii treni imetoka wapi?” Hakuna aliyedanganyika. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani akaiita Kusadikika, na sijasikia mtu aliyekwenda kuomba viza.

Plato, yule Mgiriki, hakuwa na huruma na watu wa aina yetu. Alisema seremala anatengeneza kitanda, mchoraji anaiga kitanda cha seremala, kwa hiyo mchoraji yuko mbali sana na ukweli. Angeiona meza yangu angenifukuza mjini. Lakini nadhani alipima kitu kimoja akasahau kingine. Alipima umbali kati ya kitanda na picha. Hakuuliza anayeitazama picha amelala wapi.

Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu. Nyumba yake ni ya tatu kati ya zile sita. Mwanawe wa kiume alipandia treni Malampaka kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na ni mwaka wa nne sasa simu haipatikani. Jioni moja mama alipita, nikampa shikamoo, akaingia kuona “hivyo vinyumba vinavyosemwa”. Aliitambua yake upesi. Akaweka kidole juu ya bati la karatasi.

“Mwanangu, mbona hapa umeweka giza?”

“Mama, hicho ni chumba cha kaka.”

“Najua ni chake. Kiwashe.”

Sasa, ndugu msomaji, ungefanya nini? Rafiki yangu mmoja alisema washa tu, kitaa kimoja kitakugharimu nini? Mwingine akasema usiwashe, utakuwa unamlisha mzazi matumaini feki. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili wanaharakisha. Reli yangu haimdanganyi mtu kwa sababu kila anayeitazama anajua. Chumba kile ni kitu kingine. Anayekitazama hajui, na mimi sijui. Nikiwasha, nimesema “yupo”. Nikiacha giza, nimesema “hayupo”, na hilo nalo nani kanipa ruhusa ya kulisema? Giza si kimya. Wengi tunadhani kuacha kitu bila kukigusa ni kutokuwamo, kumbe kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe hata dirisha jeusi nimelitia mkono.

Labda taa haisemi “yupo”. Labda inasema “chumba hiki kina mwenyewe”, na hilo ni kweli: kitanda bado kimetandikwa, watoto wa ukoo wanaokuja kusoma wanalala sebuleni. Lakini tafsiri hiyo ni nzuri mno kwangu, inaniondolea mzigo haraka, kwa hiyo siiamini sana.

Nilichofanya ni kuvuta waya wa chumba kile peke yake, ukapita chini ya meza, nikauwekea swichi ndogo ya redio mbovu. Nikamwita mama, nikamwonyesha. Alikaa kwenye kigoda muda mrefu, swichi iko mkononi. Hakuibonyeza. Alisogea mpaka uso ukawa karibu na ukuta, akachungulia nyumba yake upande wa uani.

“Saa ngapi hapa?” akauliza.

“Saa mbili usiku, mama. Hapa ni saa mbili siku zote.”

“Sasa mbona jikoni hakuna moto? Saa mbili mimi nasonga ugali.”