Bei Iliyoandikwa ni Ulimi wa Mwuzaji

Twapenda kulitazama jambo ambalo wengi wetu hulipita kama si kitu. Mtu ametoka Mambrui au Gongoni, amevuka daraja la Sabaki kwenda Malindi kununua mahitaji ya mwezi. Ndani ya supamaketi ameona kikaratasi cha bei kimeandikwa shilingi 310, akakitia kitu kikapuni. Kwa keshia mashine imesoma 325. Foleni ni ndefu. Amelipa na kwenda zake. Swali ni hili: zile shilingi 15 ni halali ya nani?

Wako watakaosema ni halali ya mwenye duka, kwa hoja tatu: kwamba mali ni yake, naye huiuza kwa bei aitakayo, kwamba mnunuzi ametoa fedha kwa mkono wake, basi ameridhia, na kwamba shilingi 15 ni kidogo mno. Na tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume S.A.W. awapangie bei, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali yuko mtu amdaiye dhuluma. Lakini uhuru wa kutaja bei si uhuru wa kutaja bei mbili, moja ya kumwita mtu na nyingine ya kumtoza. Atakaye 325 na aandike 325. Wajuzi wa sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi, husema kwamba kitu kilichopangwa rafuni ni mwaliko tu, na mauzo hufungika kwa keshia; ndivyo mahakama za Uingereza zilivyoamua mwaka 1953 katika kesi ya duka la dawa la Boots. Twakubali. Maana yake ni kwamba mwenye duka aweza kukataa kuuza kwa 310. Haina maana kwamba ameruhusiwa kupokea 325 kwa mtu adhaniaye kuwa analipa 310.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imeshurutisha biashara iwe ya kuridhiana. Kuridhia ni tendo la moyo, na moyo hauridhii usichokijua. Wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii walitaka patamkwe neno la kuuza na la kununua. Imamu Nawawi akayakubali mauzo ya kupeana bila tamko, pale ambapo desturi ya watu huyahesabu kuwa mauzo. Supamaketi ni mauzo ya kimya. Hapana aliyesema neno pale rafuni ila kile kikaratasi. Basi hicho ndicho ulimi wa mwuzaji, na kikiongopa, ameongopa yeye.

Tena Mtume S.A.W. aliwakataza watu kuilaki misafara nje ya mji na kununua kabla wenye mali hawajaijua bei ya sokoni. Na aliyeuza hivyo akapewa hiari ya kuyavunja mauzo afikapo sokoni. Mtu huyo alipokea fedha kwa mkono wake, wala hakushurutishwa. Lakini hakuijua bei, na kwa hiyo haki yake haikupotea. Basi kadhalika na huyu wetu, aisomaye risiti yake akiwa amekwisha fika nyumbani Mambrui.

Hoja ya tatu imejibiwa na Suratul Mutaffifin. Asili ya jina hilo katika Kiarabu ni kitu kidogo, hafifu. Ole iliyotajwa mle si ya mnyang'anyi wa njiani, bali ni ya mwenye kupunja kidogo kidogo katika kipimo. Na udogo huo ndio ngao ya mdhulumu, kwani hapana apandaye matatu kurudi Malindi kudai shilingi 15, hali nauli yalipita deni. Lakini watu 1,000 wakitozwa hivyo, ni shilingi 15,000.

Huenda ikasemwa kwamba ni kosa tu: bei imebadilishwa katika kompyuta, na kikaratasi kimesahauliwa. Yawezekana. Kikaratasi kilichosahauliwa ni kosa. Kilichoachwa baada ya mwenye duka kuambiwa ni mtego. Na mnunuzi naye, keshia akikosea akamtoza pungufu, hana budi kurudisha.

Sheria ya nchi nayo iko upande wa mwenye haki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari azihitajizo na ya kulindwa mali yake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya kupotosha. Na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko. Basi isomeni risiti kabla ya kutoka dukani. Ikiwa bei si ile, semeni kwa upole, dai tofauti yako au rudisha kitu. Usiposikilizwa, piga picha ya kikaratasi, weka risiti, upeleke shauri mbele.

Wengine hunyamaza wakaita kunyamaza kule subira. Ukitaka kusamehe shilingi 15 zako, zisamehe, nawe una thawabu. Lakini kwanza sema, ili kikaratasi kirekebishwe. Haki yako ni yako kuisamehe. Haki ya mjane aliye nyuma yako katika foleni si yako kuisamehe.

Wallahu aalam.