Tezi za Fereti na Pua ya Binadamu

Fereti, mnyama wa jamii ya kicheche aliyefugwa Ulaya tangu zamani ili awatoe sungura mashimoni, ana tezi mbili ndogo kando ya mkundu. Akishtuka hutoa humo majimaji yenye uvundo mkali, unaotoweka baada ya dakika chache. Harufu yake ya kila siku, ile inayoganda kwenye blanketi, hutoka kwingine: kwenye mafuta ya ngozi yanayochochewa na homoni za uzazi. Hata hivyo, fereti wengi wanaouzwa madukani Marekani huwa wamekwisha kuondolewa tezi za mkundu wakiwa wachanga. Harufu ya ngozi hubaki palepale.

Je, ni halali kukata kiungo kizima cha mnyama kwa sababu tu harufu yake inamkera mfugaji? Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, aliyaweka maumivu ya mnyama kwenye mizani ya maadili. Kipimo hicho ni cha haki, ila hakitoshi hapa: kwa dawa ya usingizi maumivu hupungua, na swali bado lipo. Hoja nzito zaidi ni ya Bernard Rollin, mwanafalsafa wa Marekani aliyeifufua fikra ya Aristotle kwamba kila kiumbe ana maumbile na maisha yanayomfaa. Kumnyang'anya hayo ni dhuluma hata asipolia. Na tezi hizo zina kazi katika maisha ya fereti: huburuta makalio sakafuni ili aache alama yake, na mwenzake huisoma kwa kunusa. Katika Kurani pia, Sura An-Nisaa, aya ya 119, inataja kukata masikio ya mifugo na kubadili maumbile ya Mungu miongoni mwa vishawishi vya Shetani.

Tena pua ya binadamu haina msimamo. Zabadi, itokayo kwenye tezi za fungo karibu na mkundu, imetiwa kwenye manukato kwa karne nyingi.

Kuhasi, njia nyingine ya kupunguza harufu, ni jambo gumu zaidi. Jike asiyepandwa hukaa kwenye joto muda mrefu, estrojeni ikadhoofisha uboho wa mifupa yake hadi akaweza kufa kwa kuishiwa damu. Kumfunga uzazi hupunguza harufu, lakini pia humwokoa yeye mwenyewe. Upande wa pili, kuhasi mapema kumehusishwa na maradhi ya tezi za adrenali. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unakubali upasuaji wa kuzuia uzazi, na unakataza ule usio wa tiba, isipokuwa daktari wa mifugo akiona unamfaa mnyama.

Tezi ikiziba, ikatunga usaha mara kwa mara na dawa zisisaidie, kuitoa ni tiba, na hapo lawama haipo. Pasipo ugonjwa, kazi ni ya mfugaji: kufua matandiko, kusafisha choo cha mnyama kila siku, na kutomwogesha ovyo, kwa kuwa sabuni hukausha ngozi, nayo hujibu kwa kutoa mafuta mengi zaidi.