Bahasha ya Siku Tatu

Kila mwaka, msimu wa mahafali unapofika, sharika zetu hujaa shukrani. Vijana husimama mbele ya madhabahu pamoja na wazazi wao, hutoa sadaka, nasi huwaombea na kuwapigia makofi. Tunamsihi Mungu awafungulie milango ya kazi. Ni maombi mema. Lakini ni mara chache tunazungumza nao habari za mambo watakayokutana nayo mlango ukishafunguka.

Kijana mmoja alitufundisha jambo hili. Alikuwa amemaliza masomo ya uhasibu na alikuwa akijitolea katika ofisi moja, akitumaini kupewa mkataba. Wiki chache baada ya kumwombea kanisani, alikuja kutuona jioni akaweka bahasha mezani. "Mchungaji, naomba muipokee kama sadaka," alisema. Tulipomuuliza ni shukrani ya jambo gani, alinyamaza. Kisha akaeleza. Ofisi yao iliandaa semina ya siku mbili. Fomu ya posho iliyopitishwa mezani ilionyesha siku tano. Wenzake wote walisaini, naye akasaini. Ndani ya bahasha ilikuwamo posho ya zile siku tatu ambazo hazikuwapo.

"Nimeshindwa kuitumia," alisema. "Nikaona bora imfae Mungu."

Tunakiri kwamba ingekuwa rahisi kuipokea. Jengo letu lilikuwa linangoja mabati, na kwa kawaida bahasha haiulizwi imetoka wapi. Tulimwomba akae, tukaanza kuzungumza.

Hoja zake hazikuwa za kijinga. Fedha ile ilikwisha kutengwa kwa ajili ya semina. Watumishi wa ofisi ile wana mishahara midogo, na posho ndiyo inayowasaidia kulipa ada za watoto. Hakumpora mtu yeyote. Tena yeye ni mgeni pale; angekataa kusaini, angekuwa kama anawashitaki watu wazima wanaomzidi umri na uzoefu. Washarika wengi wanaofanya kazi maofisini wanazijua hoja hizi, na wengine wameishi nazo miaka mingi.

Sheria ya nchi haina utata hapa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kuwa ni kosa kutumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri. Lakini Mkristo hapaswi kuishia kuuliza kama atakamatwa. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoifafanua amri ya saba hakuishia kwa mwizi anayevunja nyumba usiku. Aliwataja wafanyakazi wanaozembea huku wakipokea ujira kamili, wafanyabiashara wanaopunja sokoni, na watu wanaoketi kwenye viti vyao wakiheshimiwa na wote ilhali wanaiba zaidi kuliko vibaka. Kwake, amri hiyo inamhusu kila mtu anayejipatia faida kwa hasara ya jirani.

Neno hili "jirani" ndilo lililotusaidia jioni ile. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Basi uaminifu wetu kazini si malipo ya kununulia wokovu. Mungu hapungukiwi kitu hata ahitaji matendo yetu mema. Anayeyahitaji ni jirani. Tukamuuliza kijana: katika fomu ile, jirani yako ni nani? Alifikiri kwa muda. Akasema ofisi yao inahudumia vijiji, na mara nyingi safari za kwenda huko huahirishwa kwa sababu fedha ya mafuta haipo. Aliposema hivyo, yeye mwenyewe aliona siku zile tatu zilichukuliwa kwa nani.

Ndiyo maana hatukuweza kuipokea bahasha. Haikuwa yake aitoe, wala haikuwa yetu tuipokee. Zakayo, katika Luka 19, hakuridhika kuwapa maskini peke yake. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Na Bwana wetu, katika Mathayo 5, anamwagiza mtu ambaye ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka madhabahuni, akapatane kwanza. Sadaka haiwezi kuziba nafasi ya kurudisha.

Kijana alirudisha. Aliandika barua fupi inayosema alihudhuria siku mbili na kwamba anarejesha posho ya siku tatu. Hakumtaja mtu mwingine. Mkuu wake aliipokea bila kusema neno. Muda wa kujitolea ulipokwisha, mkataba haukuja. Tunapoandika haya anauza duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, huku akiendelea kutuma maombi ya kazi. Danieli aliokolewa katika tundu la simba, lakini hatuna ruhusa ya kumwahidi kila kijana kwamba simba watafumbwa vinywa kabla ya mwisho wa mwezi. Tunachoweza kumwambia ni kwamba Mungu hamwachi, na kwamba dhamiri yake iko huru.

Baba yake, aliyeuza ng'ombe wawili ili mwanawe asome, hakufurahi. Tulikwenda kumwona. Alituuliza swali moja: "Mchungaji, mlipomshauri hivyo, mlifikiri nani atalipa?" Hatukuwa na jibu zuri siku ile, na swali hilo limebaki nasi.

Tunaamini ni swali la usharika mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana hafiki kwenye wizi mkubwa kwa siku moja. Anaanza kwa tasnifu aliyoandikiwa na mtu kwa malipo, au kwa barua ya utambulisho ambayo sisi wachungaji tumemsifia uaminifu bila kumfahamu. Kisha anatuona kwenye harambee tukimshangilia zaidi mwenye bahasha nene. Nyumbani anaulizwa ameleta nini, haulizwi anafanyaje kazi. Tukiishi hivyo halafu tukamtaka awe Danieli, tunamtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi.

Basi, wapendwa, mwaka huu vijana wetu watakaposimama tena mbele ya madhabahu, tuwaombee kazi, na pia tuwaahidi kitu. Tuwaahidi kwamba akikosa mkataba kwa sababu ya uaminifu, hatutamhesabu kuwa ameshindwa. Tutamtafutia kibarua, tutachangia nauli ya usaili, tutakaa na wazazi wake. Gharama ya uaminifu ikibebwa na mtu mmoja humwelemea. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, na mzigo huu nao ni mmojawapo.

Mungu awape vijana wetu mikono safi, nasi atupe moyo wa kusimama nao. Amina.