Susana Alikuwa Mtu Mzima



Kila mwaka, Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, Kanisa linatusomea habari ya Susana kutoka sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Ni somo refu, na wengi wetu tunalisikiliza nusu nusu huku tukiwaza vipindi vya chuo au foleni ya kwenda kazini. Tunachobaki nacho ni kijana mwenye akili aliyewaumbua wazee wawili waongo, basi. Leo naomba tukae kidogo na mstari wa 57. Danieli anamwambia mmoja wa wale wazee kwamba hivi ndivyo walivyozoea kuwatendea binti za Israeli, nao wakawakubalia kwa sababu ya hofu.

Yaani Susana hakuwa wa kwanza. Kulikuwa na wengine kabla yake, ambao hata majina yao hatuyajui. Hao hawakupiga kelele bustanini, na wala hakuna mkutano ulioitishwa kwa ajili yao. Ungewauliza majirani wa Babeli, nadhani wangekujibu kama tunavyojibu sisi: "Hao si ni watu wazima? Wamekubaliana wenyewe."

Mtoto akidhulumiwa, angalau siku hizi tunashtuka. Akidhulumiwa mtu wa miaka 24, au mama wa watoto watatu, au babu wa miaka 80, tunaanza kumhoji yeye. Kwa nini hakuondoka? Kwa nini hakusema? Mbona jana tulimwona anacheka naye?

Aristotle ana mfano wa nahodha anayetupa mzigo baharini wakati wa dhoruba. Ameutupa kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyemshika. Lakini nani mwenye akili timamu atasema nahodha alipenda kuutupa? Ametupa ili asizame. (Walimu wangu wa falsafa wanisamehe kwa kulirahisisha jambo hili.) Watu wazima wengi wanaonyanyaswa wanaishi hivyo: anatupa marafiki, anatupa kazi, anatupa mshahara wake, anatupa mwili wake, ili chombo kisizame leo. Sisi tulioko pwani tunasema katupa mwenyewe.

Kwa hiyo usitafute tu michubuko. Tafuta mzigo unaotupwa.

Chukua uchumba, maana ndiko wengi wetu tuliko. Rafiki yako alikuwa anaimba kwaya, sasa haji mazoezi kwa sababu "mwenzangu hapendi." Simu ikiita anaruka kama kaguswa na umeme, na asipopokea mara moja lazima baadaye apige kwa video kuonyesha yuko wapi na yuko na nani. Namba yake ya siri anayo mwenzake, ya mwenzake yeye hana. Akitukanwa mbele yenu anacheka haraka na kusema "ndivyo alivyo, ana utani." Na kila akisimulia ugomvi wao, hadithi inaishia pale pale: kosa lilikuwa langu. Wengine wataita hayo wivu wa mapenzi. Kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, Karol Wojtyła aliandika kitabu kuhusu upendo na wajibu, kikatoka mwaka 1960, na hoja yake moja ni kwamba kinyume cha kumpenda mtu ni kumtumia. Jipime na hilo. Anayekupenda anafurahi ukiwa na watu wengi wanaokupenda. Anayekutumia anataka abaki peke yake.

Na tafadhali, tusiwacheke wanaume. Kijana anayepigwa na mke wake, au anayedhalilishwa kila siku mbele ya watoto kwa sababu hana kazi, akijaribu kusema tu, kijiwe kizima kinaangua kicheko. Hatasema mara ya pili.

Kuhusu kipigo nitakuwa mfupi, kwa sababu hakina fumbo. Nguo ya mikono mirefu wakati wa joto, mlango uleule "aliojigonga" mara ya tatu mwaka huu, mtu anayeinama haraka ukinyanyua mkono kuchukua kitu juu ya kabati. Hapa tatizo letu haliko machoni, liko kwenye ushauri tunaotoa. Kwenye kicheni pati mwali anaambiwa avumilie, ndoa ni msalaba. Msalaba wa Yesu tunauheshimu sana, lakini hakuna mahali Kanisa linamfundisha mtu kumsulubisha mwenzi wake. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, kwa mwili au kwa roho, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka, na kama kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka hata kabla ya kupata idhini ya Askofu. Hiyo si talaka. Kifungo cha ndoa kinabaki. Lakini mtu anaruhusiwa kuishi! Na kwa upande wa nchi, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Ni mwaka 1971, kabla wazazi wa wengi wetu hawajakutana.

Sasa twende kwa wazee, ambako naona tumelala usingizi mzito zaidi.

Kwenye Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawashika Mafarisayo kwa jambo la korbani. Mtu alikuwa anatangaza kwamba mali yake imewekwa wakfu kwa Mungu, hivyo wazazi wake wasipate kitu, na dini ikamlinda. Yesu anakasirishwa na hilo, maana jina la Mungu limetumika kumwacha mama na njaa. Katekisimu namba 2218 inatukumbusha kwamba amri ya nne ni ya watoto waliokua pia: kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke.

Angalia korbani za kwetu. Babu anapokea pensheni, lakini simu iko kwa mjukuu, namba ya siri iko kwa mjukuu, na babu akitaka hela ya kunyoa anaomba kama mtoto. Kumsaidia mzee kutumia simu si dhambi, wengi hawaoni hata maandishi. Dalili ni pale ambapo yeye mwenye hela hajui zimeingia ngapi, na anaogopa kuuliza. Au bibi kaletewa karatasi, kaambiwa ni ya msaada, kaweka dole gumba, kumbe ni kiwanja. Isaka alikuwa haoni, mwanawe akavaa ngozi za mbuzi akamdanganya, na sisi tunasoma kama kichekesho. Hebu kisome tena ukiwa upande wa Isaka, yule mzee anayetetemeka anapogundua.

Dalili nyingine mtaiona vizuri ninyi mnaoongozana na wapeleka Komunyo kwa wagonjwa. Kila mkifika mnaambiwa "amelala." Wiki hii kalala, wiki ijayo kalala. Au mnamkuta, lakini kila mkimuuliza yeye, anajibu mwingine. Vidonda vya mgongo visivyosafishwa, dawa za presha zimejaa vumbi, harufu ya mkojo kwenye nyumba ambayo sebuleni kuna televisheni ya ukutani. Nasema hilo la televisheni makusudi: umaskini si unyanyasaji. Kuna binti anamlea mama yake kwenye chumba kimoja, hana hela ya nepi, amechoka mpaka analia. Huyo anahitaji mikono yenu, si hukumu yenu.

Na kule Usukumani, hasa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi, macho yaliyowekundishwa na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Mauaji huwa ni mwisho wa njia. Mwanzo wake ni utani: "yule bibi ana macho." Ukisikia utani huo mtaani kwako, hasa ukienda sambamba na ugomvi wa shamba, usicheke.

Kuna namna moja inayouma kuiandika, kwa sababu inavaa nguo zetu. Kiongozi wa kikundi cha sala, mlezi wa kiroho, katekista, mtawa, hata padre, anaweza kumtawala mtu mzima kwa kutumia Mungu. Anasema Mungu amemfunulia nani umwoe. Anataka umwambie siri zako zote, halafu anazitumia. Anakukataza kuungama kwa mwingine. Mnakutana usiku, na "hili libaki kati yetu." Ukimhoji, unakuwa mwasi. Mimi niko njiani kwenda kwenye upadre, na nasema hivi nikijua ninachosema: utii wa Kikristo haudai giza. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati Vos estis lux mundi, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2023, inayowabana mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua mtu, hata mtu mzima, amelazimishwa matendo ya zinaa kwa nguvu, vitisho au matumizi mabaya ya mamlaka. Kwa hiyo kumpelekea Askofu taarifa ya namna hiyo si kulichafua Kanisa. Wale wazee wawili walikuwa waamuzi, watu waliwaamini kwa vyeo vyao, na Mungu akamwinua kijana wa kuuliza swali.

Tazama alichofanya Danieli. Hakupigana. Alisema watenganishwe, akamhoji kila mmoja peke yake, na kila mmoja akataja mti wake. Nasi tujifunze kutenganisha, ila kwetu anayetengwa ili aongee ni aliyeumizwa. Usimuulize bibi mbele ya mjukuu. Usimuulize rafiki yako kwa ujumbe wa simu ambayo mwenzake anaisoma. Tafuta njia ya kisimani, safari ya sokoni, benchi baada ya Misa. Uliza swali dogo: "Nyumbani unajisikia salama?" Halafu nyamaza. Usimwambie afanye nini dakika hiyo hiyo, na usiende kumkabili mnyanyasaji, maana ukiondoka wewe atakayelipa ni yeye.

Akikubali kusaidiwa, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambalo linapokea watu wazima pia. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako tabibu, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja. Kama kaumia, ahifadhi ile PF3. Mpe mtu wa kumsindikiza, mama wa WAWATA mwenye kifua cha kutunza siri anafaa kuliko kundi zima la VIWAWA. Maisha yakiwa hatarini usiku huo, usisubiri kikao cha jumuiya.

Na akikataa, ambalo hutokea sana mara ya kwanza, usimkasirikie. Mwambie utapita tena Alhamisi. Halafu Alhamisi upite.

Tuombeane.