Hasira ya Daudi Haikumponya Tamari

Wapendwa, fungueni Samweli wa Pili, sura ya 13, na safari hii tusiiruke kama tulivyozoea. Tamari, binti wa mfalme, alitumwa kumpikia kaka yake Amnoni aliyejifanya mgonjwa, na Amnoni akamtenda jeuri. Tamari hakunyamaza. Alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akapita akilia watu wote wamsikie. Aliyemnyamazisha ni Absalomu, ndugu yake mwingine. Na baba je? Daudi alipopata habari, alikasirika sana. Basi. Hakumwita Amnoni, hakuketi kumhukumu, wala haikuandikwa kwamba alimwendea binti yake.

Hasira ya namna hiyo, hasira isiyonyanyuka kitini, ilishtakiwa mahakamani huko Meru, Kenya.

Mwezi Oktoba 2012, wasichana 11 walionajisiwa, wakisimamiwa na Ripples International, shirika lenye kituo cha kuwahifadhi watoto kama hao, walikwenda Mahakama Kuu. Hawakuwashtaki walionajisi. Waliwashtaki polisi! Walieleza kwamba wao na walezi wao walipiga ripoti vituo vya polisi, na uchunguzi wa maana haukufanyika. Watuhumiwa wakaendelea kutembea mitaani. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau alitoa hukumu: kutochunguza huko kulivunja haki ambazo Katiba ya 2010 iliwapa watoto hawa. Polisi wakaamriwa wachunguze malalamiko yao haraka, kwa ukamilifu na kwa weledi. Tena mahakama ilisema uzembe huo ulilea desturi ya kuvumilia unajisi, ukawapa wakosaji ujasiri wa kutoogopa mkono wa sheria.

Nawasihi, msishangilie polisi kuhukumiwa. Jiulizeni: ile kesi ingeletwa dhidi yetu, tungejitetea kwa lipi?

Maana ni sisi tunaoketi sebuleni kuyamaliza kinyumbani, mbuzi wa faini amefungwa nje, mtoto yuko chumba cha ndani, hajaulizwa neno. Ni sisi wachungaji tunaomwambia mama asamehe, aombe, asiichafue nyumba. Tunaita amani! Mungu hakutuita tumnunulie mnajisi amani kwa machozi ya mtoto. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikwisha kuufunga mlango huo: kifungu cha 40 hakimpi baba, wala mzee wa ukoo, wala mchungaji uwezo wa kuifuta kesi. Uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ulikabidhiwa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya sasa kazi ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha. Mbuzi hatajwi popote.

Wako watakaosema mahakama ni mambo ya dunia. Yule mjane katika Injili ya Luka alikwenda wapi, kama si kwa kadhi? Na Bwana alimtolea mfano ili tusikate tamaa!

Kwa hiyo mzazi, mwalimu, shemasi, jirani unayesikia kilio usiku: inuka. Mpeleke mtoto hospitali kwanza, kabla ya kumwogesha, kabla ya kufua nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Nendeni kituo cha polisi, ombeni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, msiondoke bila hiyo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari. Wakiwazungusha, rudini kesho, na kesho kutwa, mkiwa wengi; waambieni Mahakama Kuu ya Meru ilikwisha kusema kuchunguza si hisani yao, ni wajibu wao. Na wewe mzee unayeitwa kwenye kikao cha mbuzi jioni ya leo, usiende.